Kabla Ngozi Haijakauka

Gamba limewekwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na mwanga wa asubuhi ya Leicester, Uingereza, unalipenya hadi upande wa pili. Ukilitazama kwa haraka utadhani buibui mzima ametulia pale: miguu minane, malaika ya kahawia, magoti yenye rangi iliyofifia, hata zile chonge mbili nyeusi zimo. Kifuniko cha mgongo kimefunguka upande mmoja, na kupitia uwazi huo ndipo mwenye mwili alipotoka. Ligeuze taratibu, utazame upande wa tumbo, utaona mabaka manne meupe yanayong'aa. Hayo ni bitana ya mapafu. Buibui anapojivua haachi ngozi ya nje peke yake. Anavua koo lake, anavua bitana ya tumbo lake la kufyonzea, anavua kuta za mahali anapopitishia pumzi. Kila kilichosimama kati yake na dunia, hata kile kilichojikunja kikaingia mdomoni, hukichomoa akakiacha nyuma yake, na kama kazi imekwenda sawa hukiacha kizima, bila hata unywele mmoja kupotea.

Gamba hili lina jambo lake. Mguu wa nyuma wa kushoto si mtupu. Pale ambapo miguu saba inapitisha mwanga, wa nane unaukataa, kwa sababu ndani yake umo mguu wenyewe, mguu halisi wa nyama na damu, ulioshindwa kutoka na ukaachwa ili mwili uliobaki upone. Nimeutazama mguu huo kuliko nilivyoutazama uzuri wa gamba zima. Kipande hicho chembamba kimebeba swali ambalo halijanitoka: kiumbe anayebadilika akikwama katikati, asiwe wa zamani wala asiwe mpya, sisi tuliosimama kando yake na mikono yetu mikubwa tufanye nini?

Mwenye gamba ni tarantula jike wa Meksiko, wa aina yenye magoti ya rangi ya chungwa iliyokolea, ambayo wanasayansi huiita Brachypelma hamorii. Kwao ni miteremko mikavu inayotazama Bahari ya Pasifiki, katika majimbo ya Jalisco, Colima na Michoacán, nchi ya vichaka vya miiba na mawe, ambako jike huchimba shimo na kulikalia miaka na miaka. Uzuri wao umewaponza. Tarantula hawa walitolewa mashimoni kwa wingi wakauzwa ughaibuni, hata ikabidi mwaka 1985 biashara yao iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Huyu hakutoka shimoni. Alianguliwa ndani ya sanduku. Anafugwa na mtoto wa kaka yangu, kijana aliyezaliwa Tanga akalelewa Uingereza, ambaye Kiswahili chake kimechukua lafudhi ya huko lakini adabu yake ni ya nyumbani. Jike wa aina hii huishi zaidi ya miaka 20. Dume, akishajivua mara ya mwisho na kupevuka, siku zake huhesabika. Kwa hiyo kijana aliyemchukua akiwa mdogo kuliko ukucha wa kidole anaweza kuwa naye mpaka atakapokuwa baba wa watoto wanaosoma. Wapo wanaocheka wakisikia mtu anamlilia buibui. Mimi sioni cha kucheka katika ahadi ya miaka 20.

Kujivua kwa buibui ni kazi ya damu. Miguu yake ina misuli ya kukunja, lakini katika viungo vyake vikuu viwili haina misuli ya kunyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma damu ndani yake. Ndiyo maana buibui anayekufa kwa kiu hujikunja na kuikusanya miguu chini ya kifua: maji yamepungua, msukumo umekwisha, na misuli ya kukunja imebaki peke yake bila mpinzani. Damu hiyo, iliyobeba shaba badala ya chuma na kwa hiyo huwa na rangi ya samawati, ndiyo anayoitegemea siku ya kujivua. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo huacha kula. Sehemu ya tumbo iliyobaki na upara huwa nyeusi, kwa kuwa malaika mapya yameshaota chini ya ngozi ya zamani. Kisha hutandaza mkeka wa hariri, akajilaza chali juu yake. Moyo huenda mbio. Damu hutoka tumboni ikaja kifuani, tumbo likasinyaa na kifua kikajaa, mpaka kifuniko cha mgongo kipasuke ukingoni na kuinuka. Kuanzia hapo huvuta miguu yote kwa pamoja, avute apumzike, avute apumzike, na kati ya ngozi mbili yapo majimaji ya kulainisha njia. Majimaji hayo yana muda wake. Yakikauka kabla mguu haujatoka, kilichokuwa kikiteleza sasa kinanata.

Mwaka 2011 Watanzania tulisikia mno habari za kujivua gamba, chama tawala kilipotangaza kwamba kinajisafisha, na habari hizo zikaingia kwenye daladala na vijiwe vya kahawa mpaka watoto wakazichezea. Tulizungumza wakati ule kana kwamba ni jambo la kutamka asubuhi likawa limekwisha jioni. Aliyemwona kiumbe akijivua kweli hawezi kulisema kwa wepesi huo. Gamba ndilo lililomkinga na ukavu na meno ya maadui, lakini gamba halikui. Akibaki ndani yake atakufa amebanwa, na akitoka, kwa siku kadhaa hata nyenje aliyewekwa kuwa chakula chake anaweza kumtafuna yeye. Kaa wa mikokoni analijua hilo, ndiyo maana siku ya ulaini wake hujificha asionekane, na mvuvi akimkuta hali hiyo anajua amemkuta asiye na silaha. Kamba wanajua, panzi wanajua, mende mweupe unayemkuta usiku nyuma ya jiko naye yuko kwenye saa hiyo hiyo. Viumbe wengi mno hapa duniani hawana njia nyingine ya kukua ila kupitia saa ambayo yeyote anaweza kuwaua.

Wafugaji wa tarantula hawaogopi kitu kama wanavyoogopa kukwama. Sababu huwa kiu ya muda mrefu, au jeraha la zamani, au uzee, au kubughudhiwa kazi ikiwa katikati, na mara nyingi hakuna anayeweza kuitaja kwa hakika hata baadaye. Siku hiyo nilipoingia chumbani, kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo, taa kubwa ameizima.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa sauti ya chini bila kugeuka. "Miguu miwili ya nyuma imegoma."

"Marahaba, baba. Amekwama tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya alfajiri. Usiguse meza, tafadhali."

Nami nikapiga magoti. Sehemu kubwa ya mwili ilikuwa nje tayari, imelowa, rangi zake kali kuliko nilivyowahi kuziona, magoti yanawaka. Chonge zilikuwa nyeupe kabisa. Huanza hivyo, zikawa nyekundu, ndipo baada ya siku nyingi zikakolea weusi na kuwa ngumu. Chonge moja ilikuwa imekaa upande, imeipita mwenziwe. Miguu ya mbele ilikwisha kuwa huru. Ile miwili ya nyuma ilikuwa bado imo ndani ya gamba, na kila alipovuta gamba zima lilimfuata, akihangaika kama mtu anayevua kanzu iliyoloa mvua bila wa kumshika ncha. Kisha akanyamaza kwa muda uliotufanya sote wawili tuache kupumua.

Mkono wa binadamu, ukimwona anayehangaika, una hamu moja: kuvuta. Tumelelewa hivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husema wazee, na kweli yapo maumivu ambayo mwenye huruma ya uongo huyaahirisha mpaka yakaua. Lakini wazee hao hao walijua kwamba si kila kilio ni cha kutibiwa kwa nguvu. Ngozi mpya ya buibui wakati ule haijawa ngozi. Ukivuta mguu unauchana, na ukiuchana damu inayotoka ndiyo ile ile aliyokuwa akiitegemea kunyoosha mingine. Kijana alikuwa na brashi laini ya kuchorea, maji ya vuguvugu, na gliserini kidogo ndani ya maji. Alichovya ncha ya brashi, akagusa mahali gamba lilipokaza kwenye kiungo, tone moja, akaondoa mkono. Akasubiri. Akachovya tena. Alikuwa mwangalifu maji yasifike chini ya tumbo yalipo matundu ya mapafu, maana huyu anayelainishwa anaweza pia kuzamishwa. Pembeni aliweka unga wa mahindi uliosagwa laini sana, wa kunyunyizia jeraha iwapo damu ingechuruzika. Nilitazama vidole vya kijana yule, ambavyo siku nyingine havitulii hata mezani, nikaona jinsi kumjali mwingine kunavyoweza kuufundisha mwili adabu ambayo maonyo ya wazazi hayakuweza.

Mguu mmoja ulitoka. Ulitoka umepinda, na ngozi ilipokauka ukabaki umepinda. Wa pili haukutoka, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo bado linanishangaza. Hakuna aliyemkata. Buibui ana mahali karibu na mwili ambapo mguu unaweza kuachiliwa, na misuli ya pale hujibana na kuziba tundu mara mguu unapoondoka. Alitulia, akajikaza, akaukata mwenyewe, akatambaa hatua chache kutoka kwenye gamba akiwa na miguu saba. Brashi ilikuwa imemsaidia kufika pale. Uamuzi ulikuwa wake, kama tunaweza kuuita uamuzi, na mimi sioni sababu ya kuogopa kuuita hivyo.

Nikiwa nimepiga magoti pale nilikikumbuka chumba cha mzazi. Kwetu Tanga mwanamke akijifungua hutiwa ndani siku arobaini. Mama yake au mkunga humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa kitambaa, humpikia uji wa pilipili manga, na mlangoni hukaa mtu wa kupima wageni, nani aingie na nani aambiwe arudi siku nyingine. Jando lilikuwa na kumbi lake, wavulana wakakaa mbali na macho ya watu chini ya kungwi wao mpaka jeraha lifunge. Mwali aliyevunja ungo alitiwa ndani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mila hizi zina mengi ya kusemwa juu yake, na mwanamke wa leo ana haki ya kuuliza ni lini kuhifadhiwa kuligeuka kuwa kufungiwa. Wapo waliotiwa ndani wakatolewa siku ya kuozwa tu, bila kuulizwa. Siwezi kulifumbia macho hilo kwa sababu ya kupenda ya kale. Lakini chini ya yote hayo palikuwa na ujuzi ambao watu wetu waliupata bila darubini wala maabara: kwamba mtu anayetoka hali moja kwenda nyingine anakuwa hana ngozi, na kazi ya walio karibu naye ni kumlindia mlango mpaka ngozi irudi. Kungwi hakuwa na uwezo wa kumgeuza mvulana kuwa mwanamume. Mkunga hana uwezo wa kuliharakisha jeraha la mzazi. Wote wawili kazi yao ilikuwa maji, uji, kivuli na ulinzi.

Leo ulinzi huo tumeuandika kwenye sheria na kuupimia siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni jambo jema na lilipiganiwa. Ila mama anayeuza vitumbua barazani, na yule anayeponda kokoto kando ya barabara, hawana mwajiri wa kuwapa hata siku moja, nao ndio wengi, na mabinti zao waliokuwa wakikaa nyumbani kuwakanda sasa wako mijini wanatafuta kodi ya chumba. Huwaona wakirudi kwenye biashara mtoto hajatimiza mwezi, wakitembea kwa uangalifu ambao watu hawauelewi. Sisi wa ughaibuni nasi tuna yetu. Mtu anafika nchi ya baridi, lugha ya zamani haimfai kazini na mpya haijamkaa mdomoni, cheti chake hakitambuliki, na saa hiyo hiyo ndiyo anayotakiwa awe imara, atabasamu kwenye usaili, ajaze fomu bila kosa. Nimewaona watu wazima wamekwama hapo miaka mingi. Mara nyingi walichokikosa ni mtu mmoja wa kuwalindia mlango kwa miezi michache.

Baada ya kujivua ndipo uuguzi wenyewe unapoanza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Jike yule alikuwa na mguu uliopinda, kishina cha mguu uliokatika, na chonge moja isiyokutana na nyingine, na tarantula hula kwa chonge. Kuna walio na bahati mbaya zaidi, ambao wanatoka wakiwa wazuri kwa macho, miguu yote minane imenyooka, lakini bitana ya tumbo la kufyonzea haikutoka ndani. Hao huwekewa chakula wakakisogelea, wakakishika, wakashindwa kukinywa, na wanakufa polepole mbele ya chakula chao. Kijana alingoja chonge zikolee. Maji yalikuwapo muda wote, kwenye kisahani kisicho na kina, maana kwa kiumbe aliyepoteza majimaji mengi hivyo maji ndiyo dawa ya kwanza. Zamani wafugaji wengi walikuwa wakimweka mgonjwa kwenye kikopo kilichotandikwa karatasi zilizoloweshwa, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Wengine wameacha, wakisema unyevu mwingi kwenye hewa isiyotembea huleta ukungu, na kwamba kisahani cha maji safi kinatosha. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, kwa kuwa wamekubali kumpunguzia mgonjwa wema uliozidi.

Kijana alipomlisha, alimponda mende mpaka akawa rojo, akamsogezea karibu na mdomo kwa kibano. Hili si tusi kwa mwindaji. Buibui hatafuni na kumeza vipande kama sisi. Humtemea windo vimeng'enya vinavyoliyeyusha, kisha hufyonza. Kuponda mende ni kumfanyia ile sehemu ya kazi ambayo chonge iliyopinda haiwezi, na kumwachia iliyobaki. Jike alikaa na ile rojo mbele yake bila kutikisika. Kisha viungo vidogo vya kando ya mdomo vikaanza kusogea, kushoto kulia, kushoto kulia, na kijana akainamisha kichwa juu ya mikono yake.

Ilikuwapo kusini mwa Italia, katika nchi ya Salento, desturi iliyodumu karne nyingi. Wakulima, wanawake zaidi, walianguka wakati wa mavuno wakisema wameumwa na buibui, na tiba yao ilikuwa ngoma. Wapigaji wa fidla na matari waliitwa nyumbani, wakapiga mpaka wakaupata mdundo unaomgusa mgonjwa, akainuka akacheza siku kutwa mpaka sumu itoke. Mwaka 1959 mtafiti Ernesto de Martino alikwenda huko na wenzake, akawakuta wa mwisho wao, akaona kwamba kilichokuwa kikichezwa mara nyingi kilikuwa ni huzuni ya maisha kuliko sumu ya mdudu. Watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tunazijua ngoma za pepo, na tunajua kwamba wapo waliopona kwa kukubaliwa na kuzungukwa na watu usiku kucha. Karne zote hizo binadamu walikuwa wakipigiana ngoma ili wapone buibui. Katika chumba kile cha Leicester mambo yalikuwa yamegeuka: binadamu alikuwa ametulia tuli ili buibui apone.

Je, buibui anastahili kujaliwa hivi? Swali hili nimeulizwa na watu ninaowaheshimu, na halipaswi kujibiwa kwa hasira. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoitambua hisia ya wanyama, na baada ya wataalamu kupitia ushahidi, sheria hiyo iliwaingiza pamoja na wenye uti wa mgongo pweza na ngisi, na pia kaa, kamba na jamaa zao. Buibui hawamo. Kwa hiyo kaa anayejivua anatambulika kisheria kuwa kiumbe mwenye hisia, na buibui anayejivua hatambuliki, ingawa wote wawili wanafanya kazi ile ile, kwa hatari ile ile. Siwalaumu walioandika, sheria lazima iweke mpaka mahali fulani, nao waliuweka pale ushahidi waliokuwa nao ulipowafikisha. Ila mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisafisha utando wa paa kwa ufagio mrefu na kumhamisha buibui mwenyewe nje kwenye kiganja, kwa sababu ya lile pango la Thaur, ambamo buibui alitanda mlangoni Mtume na Abubakari walipokuwa wamejificha wakielekea Madina. Bibi hakuuliza kama buibui anahisi. Kwake ilitosha kwamba jamaa wa huyu aliwahi kumlindia mtu mlango.

Kumjali asiyekujua ni jambo gumu kuliko linavyosemwa. Mbwa hutikisa mkia, paka husugua ubavu, hata kuku hujua sauti ya anayemwaga mtama. Tarantula hatamjua kijana huyu siku zote za maisha yake. Mkono uliomlainishia miguu, ukimgusa vibaya kesho, atauinulia miguu ya mbele na kuonyesha chonge, au atasugua tumbo na kurusha vinyweleo vinavyowasha ngozi na kuumiza macho. Tenda wema nenda zako, tumesema tangu zamani, lakini wangapi kati yetu wamewahi kutenda wema ambao hauwezi kabisa kurudi, hata kwa macho ya shukrani?

Namfikiria Barbara York Main, mtaalamu wa buibui wa Australia. Mwaka 1974 alianza kufuatilia buibui wa mashimo yenye vifuniko katika hifadhi moja ndogo ya Australia Magharibi, kila shimo akaliwekea namba. Buibui hawa ni jamaa wa mbali wa tarantula, na jike wao hukaa shimo moja maisha yake yote. Namba 16 alikuwa bado mdogo wakati ule. Mwaka baada ya mwaka mwanamke huyo alirudi, akainamia kifuniko kidogo ardhini, akaandika, akaondoka. Alizeeka, akawakabidhi vijana kazi, na Namba 16 akaendelea kuishi mpaka mwaka 2016, kifuniko kilipokutwa kimetobolewa na nyigu wa vimelea. Alikuwa na miaka 43, umri mrefu kuliko wa buibui yeyote aliyewahi kufuatiliwa. Hakuna aliyewahi kumlisha wala kumlainishia miguu. Alichopewa ni kutazamwa kwa uaminifu na kuachiwa ardhi yake bila kulimwa. Nadhani Main na kijana wa Leicester walikuwa wakifanya kazi moja, ingawa mmoja alishika kalamu na mwingine brashi.

Na kwetu? Milima ya Usambara, ambayo kutoka Tanga ukielekea magharibi huiona ikiwa ya buluu kulia kwako, ina tarantula wake, Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo la kisayansi na mtaalamu aitwaye Pocock mwaka 1897. Wale wa rangi ya chungwa kali huuzwa Ulaya na Marekani wakiwa wameandikiwa jina la Usambara kwenye vikopo vya plastiki, na wanunuzi wanalijua jina la milima yetu kwa sababu ya buibui ambaye wenyewe tukimkuta kwenye shina la mkonge tunamponda kwa jiwe. Kenya na Tanzania zina pia Pelinobius muticus, mkubwa, wa rangi ya kutu, mchimbaji wa mashimo marefu, anayekua polepole mno na kutoa sauti ya kukwaruza akikasirishwa. Hawa nao hujivua chini ya ardhi yetu, gizani, bila gliserini wala brashi, na wengine hukwama na kufa bila mtu kujua. Hilo ni la porini, na pori lina hesabu zake. Tunachoweza kuwafanyia hawa ni kidogo na kinajulikana: kutochoma nyasi pasipo lazima, kutochimbua mashimo yao kwa ajili ya mnunuzi, kumzuia mtoto mwenye jiwe na kumwambia kwamba kuumwa na huyu kunauma sana lakini si kawaida kumuua mtu, na kwamba yeye hatatoka shimoni kumfuata.

Jike wa Leicester anakula sasa. Chonge iliyopinda itabadilika atakapojivua tena, na mguu uliokatika utaanza kuota humo humo, kwanza mwembamba na mfupi, kisha mara ya pili au ya tatu ukalingana na mingine.

Wewe msomaji unayefuga, au uliye na mtoto anayefuga, shika haya. Ukimkuta tarantula wako amelala chali, hajafa. Anayekufa hujikunja akiwa amesimama. Usimgeuze, usimtupe, usimpulizie maji. Watoe wadudu hai wote waliomo ndani ya sanduku, hakikisha kisahani kina maji, zima taa, waambie watu wa nyumbani wasiligonge. Akikwama, tumia brashi na tone la maji kwenye gamba la zamani peke yake, na mguu usiuvute hata ukiona uko karibu kutoka.